Mvua ya Kutapishia

Haya ninayoyaandika yananuka. Nakwambia mapema ili uzibe pua ukitaka, lakini usome mpaka mwisho, hasa kama una mtoto, una choo cha shimo, na nyuma ya nyumba yako unapita mtaro.

Kichochoro chetu ni chembamba. Watu wawili wenye ndoo wakikutana, mmoja lazima ageuke ubavu. Gari la kunyonya vyoo haliingii, hata mpira wake haufiki. Kwa hiyo tulikuwa na njia yetu, na kila aliyechimba choo pale aliijua kabla hajaweka tofali la kwanza. Ubavuni mwa shimo, upande wa mtaro, unaacha tundu la ukubwa wa sahani. Unaliziba kwa matambara na sponji la godoro bovu, halafu unapaka saruji nyepesi juu yake. Shimo linajaa mwaka mzima, wewe unasubiri mvua. Mvua kubwa ikija na mtaro ukianza kunguruma, unachukua mtaimbo, unagonga saruji mara tatu nne, unavuta matambara, na mzigo wote wa mwaka unatoka mbio na kwenda zake na maji. Tunaita kutapisha.

Unakwenda wapi? Hilo hatukuulizana. "Kwa watu wa chini," tulikuwa tunasema, tunacheka, kama vile watu wa chini hawana watoto.

Kulikuwa na kanuni. Chini ya kidaraja cha mwisho wa kichochoro kuna chuma kimelala kutoka ukingo hadi ukingo. Maji yakikigusa, aliye karibu anapiga kelele, "Chuma kimeguswa!" na sauti inapokewa nyumba hadi nyumba. Kabla ya hapo hutapishi, maji hayana nguvu. Baada ya hapo usichelewe. Enzi hizo maji yakigusa chuma, ujue mvua imenyesha tangu jana na itanyesha mpaka kesho, na mtaro utasukumwa na kusafishwa hadi ukiutazama utadhani kichochoro kizima hakina matumbo.

Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyoko barabara kuu, mashuka meupe, arobaini kwa siku wageni wakijaa. Mume wangu alishafariki, watoto wakubwa wana miji yao, nimebaki na kitindamimba wangu, binti wa miaka minane. Chumba kimoja nilimpangisha Mwalimu, mwanamke kijana anayefundisha sayansi shule ile ile anayosoma binti yangu.

Mwalimu alikuwa na chupa yake ya kupimia mvua pale uwanjani mwa shule, ameizungushia seng'enge. Kila asubuhi anaisoma na kuandika kwenye daftari. Miaka sita hajaruka siku. Jioni akinisaidia kukunja mashuka ananieleza.

"Mama, mvua ya siku tatu siku hizi inashuka kwa saa moja. Dunia imepata joto. Hewa ya joto inabeba maji mengi, halafu inayabwaga yote kwa mkupuo. Mto mkubwa kule chini unafurika haraka, na mtaro wetu unakosa pa kumwagia."

Mimi nasema eeh, navuta ncha yangu ya shuka. Nilimwelewa vizuri sana. Dobi asielewe mvua? Zamani mvua ilikuwa inabisha hodi. Unaanza upepo, inafuata harufu ya vumbi, halafu matone mawili matatu ya kusalimia. Nilikuwa na muda wa kuanua kamba zote nne na bado nikabandika chai. Siku hizi nimesimama juani, natoa kibanio cha kwanza, nikifika cha tano mashuka yote yameloa chapachapa. Mwaka ule nilirudia kufua mara kumi na moja. Nilijua. Likumbuke hilo, maana katika uchafu wote nitakaokusimulia, hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi.

Sasa yupo shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mwenyekiti wa mtaa wetu. Tunamwita Kipaza, kwa sababu hata akikuomba chumvi anasikika mtaa wa pili. Ndiye aliyesimamia msiba wa kaka yake, na ndiye aliyewafukuza ndugu waliotaka kuninyang'anya nyumba. Sikuwa na neno naye.

Halmashauri ikatangaza mkutano. Walitaka kusikia kwa wananchi wenyewe kama mafuriko yameongezeka, na kama ndivyo, watu wa bondeni kama sisi wafanywe nini. Kipaza akapita mlango kwa mlango.

"Shemeji, nisikilize. Siku tutakayosema mvua imebadilika, kesho yake wanakuja na rangi nyekundu. Msalaba ukutani, tingatinga mlangoni. Unataka nyumba ya kaka iende?"

"Sitaki, shemeji."

"Basi mvua ni ile ile."

Mkutano ulikuwa darasani. Watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, na tumejigawa pande mbili bila kuambiwa, kama mashabiki wa mpira. Mwalimu akasimama na daftari lake, akasoma tarehe na vipimo. Hakufika mbali.

"Mwalimu," fundi viatu akamkatiza kutoka nyuma, "hiyo chupa yako, una hakika mbuzi hawaikojolei?"

Darasa likaangua kicheko. Na mimi nilicheka.

"Mbuzi hakojoi milimita sitini na nane kwa saa moja, mzee wangu," Mwalimu akamjibu.

"Wewe hujawaona mbuzi wa kwangu!"

Hapo ndipo fujo ikaanza. Upande wa dirishani wakapiga kelele, "Bisheni tu, mtakuja kulia nyie!" Upande wa mlangoni wakarudisha, "Na nyie mnaolia, nani kawatuma?" Mmoja akasema wanaochafua hewa ni wenye viwanda huko ng'ambo, sisi tuna kiwanda gani zaidi ya cha kukaanga maneno. Mwingine akasema hayo mambo ya joto ni ya kuombea misaada. Mtu wa halmashauri alikuwa anaandika, anafuta, anaandika. Nakuapia, saa mbili nzima watu wa vyoo vilivyojaa walibishana juu ya mawingu, na hakuna hata mmoja, wa upande huu wala wa ule, aliyetamka neno tundu.

Kipaza akainua mkono, watu wakanyamaza. "Joto, joto! Kwani jua limezaliwa juzi? Tuache vitabu. Hapa yupo shemeji yangu. Miaka ishirini na mbili anaanika nguo pale pale. Hana chupa, hana daftari. Shemeji, simama. Mvua imebadilika?"

Nikasimama. Mwalimu alinitazama huku uso umemchangamka, kama mtu aliyeona shahidi wake kaingia mahakamani. Nikafikiria rangi nyekundu kwenye ukuta wangu.

"Mvua ni ile ile," nikasema.

Wakapiga makofi. Mwalimu akafunga daftari polepole. Jioni alikuja kukunja mashuka kama kawaida, akashika ncha yake, akavuta. Afadhali angenitukana.

Siku kumi na mbili baadaye, Jumamosi mchana, mvua ikashuka. Haikuanza, ilishuka, bati likalia kama linamwagiwa kokoto. Sote watatu tulikuwa ndani. Shimo letu lilikuwa limejaa kiasi kwamba ukiingia chooni unachutama umesimama nusu. Nikauchukua mtaimbo, nikausimamisha karibu na mlango wa uani, nikasikiliza.

"Chuma kimeguswa!"

Jirani wa juu akaanza, ko, ko, ko. Wa mkabala naye akaanza. Mwalimu akatoka chumbani kwake, ameshika simu, ananionyesha saa.

"Mama, usitapishe. Imenyesha dakika ishirini na tano tu. Hii itakata sasa hivi, na maji hayatakuwa na pa kwenda."

"Chuma kimeguswa, Mwalimu. Hujasikia?"

"Kimeguswa kwa sababu maji yamesimama, si kwa sababu yanakwenda."

Kipaza akapita kichochoroni na koti lake la mvua. "Shemeji! Unangoja barua? Au umehamia kwa watu wa chupa?"

Nikatoka uani. Mwalimu akanifuata kwenye mvua, akanishika mkono, hapa kwenye kifundo, akaubana.

"Wewe mwenyewe unajua, mama. Na siku ile ulijua."

Kilichoniudhi ni kwamba ni kweli. Kama angesema uongo ningemsikiliza. Nikauvuta mkono wangu kwa nguvu hadi akayumba. "Niachie! Nyumba ni yangu!" Nikagonga. Mara ya tatu saruji ikapasuka, nikavuta matambara, vipande vya pazia la buluu nililolichana mwaka jana, na shimo likatapika.

Haikupita robo saa, mvua ikakata. Ilikata kama bomba lililofungwa. Jua likatoka, wallahi jua, na ndege wakalia. Nikaenda kutazama mtaro. Maji yalikuwa yamejaa hadi mdomoni, yametulia, na juu yake mzigo wa mwaka mzima wa nyumba thelathini umetanda kama uji unaopoa, unazunguka taratibu, hauna haraka ya kwenda popote. Halafu ukaanza kurudi.

Usinilazimishe kusema yote. Ulipanda kichochoro polepole, mzito, unabubujika mapovu. Ulipita kizingiti cha jirani, ukapita changu. Niliukimbiza kwa ufagio kama mtu anayefukuza kuku. Funza walipanda miguu ya kitanda. Na kilichoniingilia mlango wa mbele, kikaja kutulia katikati ya sebule yangu, kilikuwa kipande cha pazia la buluu. Nilikuwa nimekitoa mlango wa nyuma, nacho kimezunguka, kimerudi nyumbani kwao.

Uani nina kisima cha saruji cha kuhifadhia maji. Mfuniko wake ulivunjika pembe zamani, nimezoea kupaziba kwa karai na jiwe. Tope lilipotoka, karai lilikuwa limeelea hadi ukutani. Niliosha mfuniko. Nikamwaga ndani chupa nzima ya dawa ya kung'arishia mashuka, nikajiambia imetosha. Nikachemsha maji, nikajaza birika na ndoo ndogo, nikamwambia binti yangu, "Haya tu ndiyo ya kunywa. Ya kisimani usiguse."

Jumatatu mashuka yalikuwa mengi. Maji ya kuchemsha yakaisha saa nne, nikasema nitachemsha mengine nikimaliza kamba hii, halafu kamba hii, halafu ile. Binti yangu akarudi kutoka shule na kiu yake, akakuta ndoo tupu, akachota kikombe kimoja pale alipozoea kuchota tangu anajua kutembea. Alikuja kuniambia mwenyewe. "Mama, nilikunywa kidogo tu."

Jumanne saa sita mchana macho yake yalikuwa yameingia ndani kama ya bibi kizee, na kinachomtoka hakina hata rangi, ni maji kama yaliyooshewa mchele.

Kama hujawahi kuona kitanda cha wadi ya kipindupindu, nikuambie. Ni turubai lililotobolewa katikati, mtoto analalia tundu, chini ya tundu kuna ndoo, na muuguzi anapima kwa kijiti kiasi kilichotoka ili ajue arudishe dripu ngapi. Nilikaa siku tano natazama tundu la ukubwa wa sahani. Binti yangu hakuwa na nguvu ya kulia. Nikimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama, kama shuka usilolipiga pasi.

"Maji mnachota wapi?" muuguzi akaniuliza.

"Kisimani, nyumbani."

"Kisima kiko mbali na choo?"

Nikasema kiko mbali.

Kwenye kitanda cha pili alikuwa mama mmoja na kichanga chake cha kiume. Alikuwa akimpepea mwanawe kwa kipande cha boksi, akichoka anageuka anampepea na wangu. "Nyie wa wapi, dada?" Nikamtajia. "Aa, nyie wa juu. Sisi wa chini yenu, kule mtaro unakoishia. Kwetu kila mvua kubwa uchafu unakuja, dada yangu, hatujui hata unatokea wapi. Miaka yote unapita tu, unasafiri. Safari hii umekaa." Akaendelea kumpepea binti yangu.

Mwalimu alikuja kila siku baada ya kazi. Alichukua ndoo, akaenda kuimwaga, akaiosha, akairudisha chini ya tundu. Hakusema nilikuambia. Sijui mimi ningeweza kulizuia neno hilo.

Kipaza naye akaja, ameziba pua kwa leso.

"Pole, shemeji. Kesho mkutano unarudiwa, na watu wa redio watakuwepo. Wagonjwa wamekuwa wengi, maneno yamekuwa mengi. Wewe sema mtoto alikula matunda ya njiani hayakuoshwa. Basi."

"Shemeji, mtoto hajala matunda."

"Kwani nani kamuona?" Akaitoa leso puani kidogo, akairudisha haraka. "Fikiria nyumba."

Nyuma yake akaingia kijana mwenye fulana safi yenye picha ya dunia kifuani, na kamera. Yeye ni wa upande wa dirishani, wale waliokuwa wanamshangilia Mwalimu. Akanipa pole vizuri, halafu akasema, "Mama, tazama mlangoni, kama unamsubiri mtu. Hivyo hivyo. Kesho ukiwaambia kwamba haya ni mabadiliko ya tabianchi, dunia nzima itakusikia."

"Na choo je?" nikamuuliza.

"Choo tusikichanganye humo, mama. Kitaharibu ujumbe."

 Mmoja anataka niseme matunda, mwingine anataka niseme mawingu, na katikati yao mwanangu amelalia tundu.

Alfajiri ya siku ya mkutano yule mama wa chini aliacha kupepea. Muuguzi akaja, akainama, akainuka. Yule mama hakupiga ukelele. Alikunja khanga ya mtoto, akainyoosha kwa mikono iwe sawa, kama ninavyokunja mashuka, akaniambia, "Wako atapona, dada. Ona, amekojoa." Kweli binti yangu alikuwa amekojoa, dalili ya kwanza ya uzima baada ya siku tatu. Nilifurahi. Mbele ya mwanamke yule, nilifurahi, na mzigo uliomuua mwanawe nilikuwa nimeutuma mimi.

Nikamwacha binti yangu kwa muuguzi, nikaenda mkutanoni na nguo nilizolalia. Darasa lile lile, pande zile zile. Fundi viatu hakuwa na mzaha siku hiyo, mjukuu wake alikuwa wadini. Kipaza akanipa kipaza sauti mwenyewe, akanigonga bega.

"Mtoto wangu hakula matunda," nikasema. "Na mvua si ile ile. Nilisema uongo hapa hapa, na nilijua ni uongo, maana mashuka yangu yananiambia kila wiki. Mvua imebadilika kama Mwalimu alivyosema. Lakini mvua haikuingia kisimani kwangu na kinyesi chake yenyewe. Kilikuwa changu. Nilivunja tundu la choo kwa mtaimbo. Nyumba thelathini tulivunja, tukasubiri mvua ya zamani ije ituchukulie. Leo asubuhi mtoto wa watu wa chini amekufa wadini. Nilikuwa nimekaa pembeni yake."

Mwanamke mmoja, rafiki yangu wa kusukana, akasema kwa sauti ya chini, "Umetuvua nguo wote, we mwanamke." Watu wakainuka kwa pamoja, safari hii pande zote mbili, wa dirishani na wa mlangoni, kwa mara ya kwanza wamekubaliana kitu, kwamba mimi nimechanganyikiwa kwa kuuguza. Kipaza akaninyang'anya kipaza sauti. Ni Mwalimu tu aliyebaki amekaa, daftari limefunguka, haandiki.

Binti yangu alirudi nyumbani baada ya siku tano, miguu kama vijiti vya kupimia ndoo. Msalaba mwekundu ulichorwa wiki iliyofuata, nyumba zote, tingatinga halijaja mpaka leo. Kwangu majirani hawasalimii. Shemeji akipita anatazama ukuta wa pili. Nimeliziba tundu langu kwa mawe na saruji nzito, mimi na Mwalimu, na shimo tunalichota kwa ndoo yenye mfuniko, tunakwenda kuimwaga kwenye gari la kunyonya vyoo linaposimama barabarani. Ni kazi ya kutapika. Tunaifanya.

Juzi, mwezi ambao haukuwa na mvua tangu niolewe, ilishuka tena. Sikumaliza hata kamba ya kwanza. Nimemkalisha binti yangu juu ya meza, nimeziba kizingiti kwa mashuka meupe ya watu, nikasikia, "Chuma kimeguswa!" Nikasema hawatathubutu. Halafu, ko, ko, ko. Kwa jirani. Kwa fundi viatu. Kwa Kipaza.

"Mama," binti yangu akasema, "wanatapisha."

Mashuka yakaanza kubadilika rangi kutoka chini.

Ndiyo maana nimeandika. Mama mwenzangu, popote ulipo, ukisikia mtaimbo unagonga kwenu, toka kwenye mvua ukamshike mkono anayegonga, awe shemeji yako, awe nani. Mshike hata akikutukana. Na ukiwa wewe ndiye uliyeshika mtaimbo, na mtu akakushika mkono, simama. Mimi nilishikwa, nikajinasua.